Jembe la Siku ya Tatu

Mwezi wa tatu wa safari yetu ndefu, nikiwa nimekaa juu ya paa la nyumba tuliyopanga katika mji mkongwe wa Fes, Moroko, niligundua jambo lililoninyima usingizi usiku ule. Tangu tuondoke nilikuwa sijazungumza na mtu mwingine yeyote, mazungumzo ya kweli, isipokuwa mume wangu. Nilikuwa nimesalimia watu. Nilikuwa nimeuliza njia, nimeshukuru, nimetabasamu mpaka mashavu yakachoka. Lakini kila kilichonigusa nilikigeuzia upande uleule: "Umemwona yule?" "Umesikia alivyosema?" Naye alinijibu, tukafurahi, tukaenda zetu.

Tulikuwa tumepanga miezi ishirini na sita ya kusafiri kwa mwendo wa kobe: nchi chache, kukaa sana, kupanga chumba kwa mwezi badala ya kulala hotelini usiku mmoja mmoja. Tuliamini kwamba ukikaa mahali muda wa kutosha, mahali penyewe patakufungukia. Muda tulikuwa nao. Mlango tulikuwa tumeufunga wenyewe bila kujua.

Mama mwenye nyumba aliishi chini na binti zake wawili. Mdogo alikuwa chuoni na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Siku moja tulipishana nao ngazini, sisi tunatoka huku tunacheka kwa sababu zetu. Mama akasema jambo, binti akalitafsiri: "Mama anasema nyinyi mna bahati. Hamhitaji mtu." Alikuwa anatusifu, tena kwa moyo safi. Mimi nilijisikia kama mtu aliyefungiwa mlango kwa adabu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na siku zote niliichukulia kama onyo kwa mgeni mvivu. Kule Fes, usiku ule juu ya paa, ndipo nilipouona upande wake wa pili. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe ameshatolewa kwenye mkeka wa wageni, ameaminiwa na shamba la watu. Sisi tulikuwa tumefika karibu siku ya tisini, na hakuna aliyetuona kama watu wa kupewa jembe. Kosa halikuwa lao. Anayesafiri peke yake husukumwa na kiu ya maneno; jioni ikifika atamsemesha hata muuza tiketi. Wawili hawana kiu hiyo. Mume na mke wanaposafiri, nyumba yao wanaibeba kati yao: lugha yao, utani wao, saa zao za kula na kulala. Wanakaribishana wao kwa wao. Asubuhi mimi ni mwenyeji wake, jioni yeye ni mwenyeji wangu, na mji mzima unabaki nje ya dirisha kama picha.

Kilichotutenganisha kwanza ni hamamu. Bafu hizo za umma zina saa au milango ya wanawake na ya wanaume, hakuna kuingia pamoja, kwa hiyo nilifuatana na binti za mwenye nyumba na mume wangu akabaki. Ndani ya mvuke nikapakwa sabuni nyeusi (neno lao la sabuni ni sabuni yetu, maana sote tumelitoa chanzo kimoja), kisha mwanamke mmoja mtu mzima, nisiyemjua wala yeye hanijui, akavaa glavu yao ya kusugulia, ile wanayoiita kessa, akanigeuza kama mtoto na kunisugua mgongo mpaka ngozi iliyokufa ikadondoka kama vumbi la kifutio. Alipomaliza hakusema neno. Alivua glavu, akanipa, akageuka, akanipa mgongo wake.

Nilisimama na ile glavu mkononi sekunde chache kabla sijaelewa. Ndiyo hiyo. Jembe langu la kwanza.

Jioni ile nilimsimulia mume wangu kwa saa nzima, naye alisikiliza kwa namna ambayo hakuwa amenisikiliza tangu tuanze safari, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na habari asiyoijua. Miezi mitatu tulikuwa tumeona vitu vilevile, kwa saa ileile, tumesimama mahali pamoja. Tungeambiana nini? Tukakubaliana pale pale: kuanzia asubuhi baada ya chai mpaka jua linapozama, kila mtu atashika njia yake. Siku za kuhama mji tutakuwa pamoja, na siku moja kwa wiki. Kila mmoja atakuwa na daftari lake, na usiku tutasomeana.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mume wangu alirudi saa sita mchana siku mbili mfululizo, akisema amesahau kitu. Mimi nilijikuta kwenye vichochoro vya Fes, mji mkongwe usio na magari, nimebanwa ukutani na punda wenye mizigo huku wenye punda wakipiga kelele "balak! balak!", na kila mara nikigeuka kumtazama mtu ambaye hayupo. Tena niseme wazi kwa wanawake wenzangu wanaosoma hapa: kutembea peke yangu kulikuwa na mipaka ambayo mume wangu hakuwa nayo. Kuna mitaa niliyoiacha, kuna saa nilizoziheshimu, na siku ambazo macho ya watu yalinilemea nilirudi nyumbani bila kujilaumu. Mkataba wetu haukuwa wa ushujaa. Ulikuwa wa kumpa kila mmoja mlango wake.

Mlango uliofunguka kuliko yote ulikuwa Georgia, ile ya milima ya Kaukazi. Tulifika Kakheti, mashariki mwa nchi, mwezi Septemba, wakati wa rtveli, yaani mavuno ya zabibu. Watu wa huko wana haki ya kuionea fahari kazi hii: mabaki ya vyungu yaliyochimbuliwa katika nchi yao yanaonyesha kwamba mvinyo ulitengenezwa hapo miaka ipatayo 8,000 iliyopita, na mpaka leo wengi huuchachusha ndani ya qvevri, mitungi mikubwa ya udongo yenye umbo la yai inayozikwa ardhini hadi shingoni. UNESCO iliiingiza njia hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Lakini hayo nimeyasoma baadaye. Tulipofika, mtu alimtazama mume wangu, akamtazama mkononi, akampa brashi ya magome ya mti na kumwonyesha mtungi. Mimi nilipewa sindano ndefu na beseni la jozi, zile kokwa za walnut, nizitunge kwenye uzi kama shanga kwa ajili ya churchkhela, ambazo huchovywa katika juisi ya zabibu iliyopikwa ikawa nzito, kisha hutundikwa zikauke. Hatukungoja siku ya tatu. Ilikuwa siku ya kwanza, saa mbili asubuhi.

Siku tatu baadaye ilifanyika karamu, na karamu ya Kigeorgia ina msimamizi wake, tamada. Hakuna anayekunywa ovyo. Tamada husimama, hutaja jambo, huliongelea mpaka liwe zito, ndipo glasi ziinuliwe: kwa amani, kwa wazazi, kwa watoto, kwa waliotangulia. Akitaka kumkabidhi mwingine neno aliendeleze, humwambia "alaverdi". Mume wangu alikaa mezani na wanaume. Mimi nilikuwa jikoni, naingia na kutoka na sahani. Usiku tulisomeana madaftari.

Lake lilijaa maneno ya tamada, jinsi alivyogeuziwa alaverdi kwenye neno la wazazi, jinsi alivyosimama akiwa hana Kigeorgia chochote cha maana na kuamua kusema kwa Kiswahili juu ya marehemu baba yake, na jinsi meza nzima ilivyonyamaza kumsikiliza mpaka mwisho, kisha wakasema "gaumarjos" kama watu walioelewa kila neno. Aliandika kwamba hajawahi kumzungumzia baba yake hadharani kwa lugha yoyote.

Daftari langu lilikuwa na jambo moja. Wakati glasi zilipoinuliwa kwa ajili ya waliotangulia, bibi wa nyumba ile alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akalia bila sauti. Wanaume waliokaa upande wa mlango walikuwa wamempa mgongo, mume wangu akiwa mmoja wao. Kisha alijifuta kwa kitambaa kilekile, akarudi kwenye sinki, na mimi nikasimama kando yake nikisuuza.

Mume wangu aliposikia aliniomba nimsomee tena. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwa yule bibi. Na mimi, bila daftari lake, nisingejua kwamba yale machozi ya mlangoni yalitoka dakika chache tu baada ya mgeni wa mbali kumtaja baba yake. Kila mmoja alikuwa na nusu.

Tulikuwa na usiku mwingine mwingi wa namna hii. Baada ya wiki chache nilianza kuwaza juu ya madaftari ambayo hayakuandikwa. Mwaka 1767 meli ya Kifaransa iitwayo Étoile iliondoka Rochefort kwenda kuungana na msafara wa nahodha Bougainville wa kuizunguka dunia. Ndani yake alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na msaidizi wake aliyebeba vifaa na kukusanya mimea pamoja naye. Msaidizi huyo alikuwa Jeanne Baret, mwenzi wake, aliyevaa mavazi ya kiume kwa sababu meli za jeshi la Ufaransa zilikataza wanawake. Siri yao ilijulikana, na mwishoni mwa 1768 wote wawili walishukia kisiwa cha Mauritius, ambacho wakati huo kilikuwa cha Wafaransa. Commerson alifia huko mwaka 1773. Baret alirudi Ufaransa miaka michache baadaye, na kwa kurudi kwake akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mwaka 1785 serikali ya mfalme ilimpa pensheni.

Tunavyo vielelezo vya mimea walivyovikusanya. Zaidi ya spishi sabini zilipewa jina la Commerson. Jina alilotaka kuupa mmea mmoja kwa heshima ya Baret halikudumu, na ilibidi kungoja mpaka 2012 ndipo wataalamu walipoupa jina lake mmea wa jamii ya nyanya unaoota Ecuador na Peru. Lakini alichokiona yeye, mwanamke katikati ya wanaume zaidi ya mia moja, aliyelazimika kulificha umbo lake usiku na mchana huku akipanda milima na kubeba mizigo? Wanaume waliokuwa naye waliandika. Nusu yake hatunayo. Kila nilipojisikia mvivu wa kuandika usiku, nilimkumbuka, nikawasha taa.

Ethiopia ilitupokea kwa saa. Wasafiri wengi huchanganyikiwa huko, kwa kuwa siku huanza kuhesabiwa alfajiri, si usiku wa manane. Wanaambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili, wanafika adhuhuri, basi liko mbali kitambo. Sisi hatukuhitaji kuelezwa. Saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi na mbili asubuhi. Nilipoelewa kwamba nchi nzima inahesabu saa kama mimi ninavyohesabu nikiwaza kwa lugha yangu, nilikaa kwenye ngazi za kituo cha basi cha Gondar nikajisikia kama mtu aliyekuta ndugu asiyemtarajia. Hata neno lao la saa liko karibu na letu. Kahawa wanaiita buna, nasi punje yake tunaiita buni. Kalenda tu ndiyo iliyotushinda kidogo: ina miezi kumi na tatu, na iko nyuma ya ile tuliyoizoea kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi.

Gondar tulikaa wiki saba, ikiwemo Timkat, sikukuu ya kukumbuka ubatizo wa Yesu, 19 Januari, ambapo watu hukusanyika kwenye bwawa la kale la mfalme Fasilides na kuingia majini maji yakishabarikiwa. Ni jambo kubwa, la kupendeza, na lina watazamaji wengi wenye kamera. Sitaliongelea zaidi. Ninachokikumbuka mimi ni uani kwa jirani, jioni za kawaida kabisa. Kahawa inaoshwa, inakaangwa mbele ya wageni, moshi wake unapitishwa mbele ya kila pua, inatwangwa, inachemshwa ndani ya jebena, chombo cha udongo chenye shingo ndefu. Wanakunywa mara tatu kutoka kwenye kahawa ileile: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Kuondoka baada ya ya kwanza ni kama kuondoka katikati ya sentensi. Juma la kwanza nilikaa kwenye kigoda cha wageni. Juma la pili mwenye nyumba alinisukumia kinu na mchi bila kukatiza mazungumzo yake na jirani, nami nikatwanga. Tangu siku hiyo waliacha kunitabasamia kila dakika, wakaanza kunikosoa. Natwanga kwa haraka mno. Nimeacha mapande. Nilifurahi kiasi ambacho siwezi kukieleza vizuri.

Mume wangu wakati huo alikuwa mwanafunzi wa mtoto wa miaka tisa aliyemfundisha herufi za Kiamhari: 33 za msingi, kila moja na maumbo saba. Kisha akashikwa na homa kali, na wanawake wa ule ua walipokezana kutuletea maji yaliyochemshwa na kukaa nami usiku. Hakuna aliyeomba shukrani. Mwenye nyumba alisema neno moja tu asubuhi homa ilipopungua, akimwonyesha: "Leo atakunywa baraka."

Kuna miji miwili katika safari yetu ambako jembe halikuja kamwe. Tulikaa kwenye majengo marefu, tukafuata mkataba wetu kila siku, tukarudi jioni na madaftari matupu, tukaondoka kama tulivyoingia. Sina la kuwalaumu wakazi wake. Wanaamka usiku, wanarudi usiku, hawana ua wala mlango unaoachwa wazi. Sijui kama kuna mgeni anayeweza kuuharakisha mji wa namna hiyo.

Halafu Shikoku.

Shikoku ni kisiwa cha Japani chenye njia ya hija ya mahekalu 88, mzunguko wa kilomita zipatazo 1,200, unaofuata nyayo za mtawa Kūkai, aliyeishi 774 hadi 835 na ambaye watu wa huko humwita Kōbō Daishi. Wengi siku hizi huzunguka kwa basi au gari. Kwa miguu huchukua wiki sita au zaidi. Tulianza mwishoni mwa Aprili. Mkataba wa kutengana mchana tuliuweka kando, maana njia ni moja.

Hujaji huvaa fulana nyeupe, hushika fimbo ndefu ya mbao, na mavazi yake yana herufi nne za Kijapani zisomwazo dōgyō ninin: wasafiri wawili, safari moja. Hata aliye peke yake huvaa maneno hayo, kwa sababu wa pili ni Daishi mwenyewe. Fimbo ndiyo yeye. Jioni ukifika nyumba ya wageni unaosha mguu wa fimbo kabla ya miguu yako. Juu ya daraja huigongi chini, kwa kuwa Daishi alipata kulala chini ya daraja, na huenda unamwamsha. Nilizipenda kanuni hizi tangu siku ya kwanza. Mume wangu alizifuata kimya, na kimya chake sikukisikiliza vizuri.

Kati ya hekalu la 23 na la 24 kuna kilomita zipatazo 75, sehemu kubwa yake kandokando ya bahari, lami upande mmoja na mawimbi upande mwingine, kuelekea rasi ya Muroto. Siku ya kwanza ya kipande hicho mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulijikinga kwenye kibanda cha kituo cha basi. Nilikuwa nasema jambo, nadhani juu ya nchi itakayofuata, akanikatiza.

"Mke wangu, nimechoka."

"Tupumzike basi. Leo tulale kijiji kinachofuata."

"Sijachoka miguu. Nimechoka kuwa mwanafunzi. Kila mahali najifunza upya jinsi ya kusalimia, jinsi ya kukaa, jinsi ya kuoga. Nataka mahali ambapo naweza kunyoosha mkono gizani nikajua swichi ya taa iko wapi."

Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema baya kuliko yote: kwamba kama alikuwa hataki alipaswa kusema mapema, asinifanye mimi niwe nimemburuta kuizunguka dunia. Alisimama, akachukua fimbo yake, akatoka mvuani. Nikamwacha aende hatua mia mbili, ndipo nikafuata. Tulitembea hivyo siku nzima, na kesho yake tukatembea hivyo tena. Usiku tulilala kwenye mikeka miwili sambamba, madaftari hayakufunguliwa. Asubuhi tuliosha nyuso kwenye bomba moja bila kutazamana.

Katika mwendo ule nilikuwa na saa nyingi za kumfikiria, na jambo lililoniuma halikuwa hasira. Ni kwamba alisema kweli, tena kweli ambayo mimi ndiye niliyeizaa. Nilikuwa nimeligeuza jembe kuwa sheria. Kila mji tulioingia nilitaka tupewe kazi, tuzame, tuaminiwe, na kila mji ambao haukutupa niliuhesabu kama hasara. Mtu anachoka. Hata huko wanakompa mgeni jembe wanaanza kwa kumpa siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi, karibu na mji mdogo wa wavuvi, niliona kwa mbali mwanamke mzee amemsimamisha mume wangu kando ya barabara. Walizungumza kidogo, akainama, akaendelea na safari. Nilipofika yule bibi alikuwa bado amesimama, mfuko mkononi. Alinipa matunda mawili madogo ya manjano, jamii ya machungwa, ambayo huko wanayaita konatsu. Hii ni osettai, zawadi ambayo wenyeji wa Shikoku huwapa mahujaji, na desturi ni kwamba haikataliwi. Hufanyi kazi yoyote kuilipa. Unachotoa ni karatasi nyembamba iitwayo osamefuda, ile unayoiweka pia kwenye kila hekalu, yenye jina lako, tarehe na anwani.

Nilimrudishia tunda moja kwa ishara, nikidhani amekosea hesabu. Akatikisa kichwa. Alinionyesha mimi, akanionyesha fimbo yangu, akarudisha tunda mkononi mwangu na kukifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. Kisha akaonyesha mbele barabarani, upande alikokwenda mume wangu, akasema sentensi ndefu kidogo ambayo sikuielewa hata neno.

Nilimkuta kilomita mbili mbele, ameketi kwenye ukuta wa bahari, matunda mawili yamewekwa kando yake, hajayagusa. Nikaweka yangu hapohapo. Yakawa manne, kwa watu wawili na fimbo mbili.

"Alikuuliza mke wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Sijui aliuliza nini," akasema. "Nilimjibu yuko nyuma, anakuja."

Tulimenya matatu. La nne lilibaki kwenye mkoba wake mpaka Muroto, kwenye pango lililo karibu na bahari ambalo husimuliwa kwamba Kūkai alikaa ndani yake akiwa kijana, akatafakari, na kwamba jina lake, lenye maana ya mbingu na bahari, lilitoka kwenye vile viwili alivyoviona kutoka mlangoni. Mume wangu aliliacha tunda humo. Nilimwambia kwamba tukimaliza mzunguko tutatafuta nyumba, tukae mwaka mmoja bila kujifunza chochote, na kwamba samahani. Alisema ataamini akiiona swichi.

Baada ya hapo hatukuwa na haraka. Kulikuwa na siku nilizotaka kukaa na watu na siku alizotaka kulala mchana, na kila mmoja alifanya lake. Osettai ziliendelea kuja: chupa za chai, pipi, kikao kivulini, mara moja mzee aliyefunga duka lake ili atutembeze mpaka njiapanda tusipotee. Tulipokea kama wageni, kwa mikono miwili, tukatoa karatasi zetu.

Karatasi hizo zilikuwa zikitusumbua tangu mwanzo, kwenye nafasi ya anwani. Tulikuwa hatuna. Nyumba tuliyopanga zamani ilikuwa na watu wengine, barua zetu zilienda kwa ndugu. Mahekalu ya mwanzo niliiacha nafasi ile wazi. Mume wangu aliandika jina la mahali tulipolala jana yake, kwa hiyo anwani yake ilibadilika kila siku.

Hekalu la 88, Ōkuboji, liko milimani. Tulifika saa nane mchana, siku ya hamsini na moja. Fimbo zetu zilikuwa zimepungua kwa chini, yake zaidi, maana kwenye miteremko yeye ndiye aliyetangulia. Tulikaa kwenye benchi kuandika karatasi za mwisho. Nilimaliza kwanza, nikachungulia ya kwake. Kwenye nafasi ya anwani alikuwa ameandika jina la kijiji kile cha Kakheti, pole pole, kwa herufi za Kigeorgia, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa shule. Akachungulia yangu. Niliandika Gondar, na chini yake, kwa Kiswahili, ua wa pili baada ya kisima.

Tulizitumbukiza zote mbili katika sanduku moja, tukaenda kutafuta basi.